Kurudi chuoni huanza siku ya kuondoka: barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo

Kwa Wakuu wa Vyuo, Wasajili, Wakuu wa Vitivo, Wahasibu, na wote wenye saini kwenye fomu za wanafunzi.

YAH: WANAFUNZI WANAOREJEA MASOMONI BAADA YA KUKAA NJE

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni washauri wa masomo na maofisa wa usajili. Kazi yetu ni kukaa na wanafunzi waliosimamisha masomo kwa muhula mmoja, kwa mwaka, wakati mwingine kwa miaka sita na zaidi, na kuwapitisha ofisi kwa ofisi mpaka majina yao yatokee tena kwenye orodha ya darasa. Tunawaandikia kwa sababu vikwazo wanavyokutana navyo ni vilevile kila muhula, na vingi viko ndani ya mamlaka mliyo nayo leo.

Kabla ya mengine yote tunaomba mlipokee hili: safari ya kurudi huharibika siku mtu anapoondoka. Taratibu za kumrejesha mwanafunzi mara nyingi zimeandikwa kwa kurasa kadhaa. Za kumuaga zimeachiwa mistari miwili na nafasi ya saini. Matokeo yake, miaka miwili baadaye tunakaa mezani na mtu mwenye nia, ada mkononi na muda wa kusoma, huku sote tukijaribu kubahatisha nini kilitokea wiki ya saba ya muhula ambao hakuna anayeukumbuka.

Watu huondoka kwa njia nne. Kuna anayeahirisha: ana ruhusa, na nafasi yake inamsubiri. Kuna anayejiondoa: ameiachia nafasi, akirudi ataomba upya. Kuna aliyeondolewa na bodi ya mitihani au kamati ya nidhamu. Na kuna aliyetoweka, aliyefunga begi katikati ya muhula kwa sababu mzazi ameanguka, ada imekosekana, siku za kujifungua zimekaribia, au amechoka kiasi kwamba hata barua pepe hawezi kuifungua. Huyu wa nne hakuaga mtu, kwa hiyo mfumo unaendelea kumhesabu kuwa mwanafunzi kamili. Kazi za muhula zinawekewa sifuri, ada ya muhula unaofuata inaandikwa deni, na muda wa juu kabisa wa kumaliza shahada unaendelea kuhesabiwa juu ya kichwa chake.

Hizo sifuri ni kali kuliko zinavyoonekana kwenye karatasi. Mchukueni mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza na krediti 60, yaani vipimo vya uzito wa masomo aliyoyafaulu, kwa wastani wa alama wa 3.6 kwenye kipimo cha 4. Muhula wa tatu anatoweka akiwa amesajili krediti 30, na zote zinaandikwa sifuri. Wastani unaanguka hadi 2.4, kwa sababu pointi zake 216 sasa zinagawanywa kwa 90 badala ya 60. Shahada ni ya krediti 180, kwa hiyo bado anadaiwa 120. Tuseme anarudi na kusoma kwa kiwango chake kilekile cha 3.6, muhula hadi muhula, miaka miwili yote iliyobaki. Ikiwa zile sifuri hazifutwi baada ya kurudia masomo, atamaliza na wastani wa 3.09. Ni mtu yuleyule, mwenye uwezo uleule, aliyepoteza nusu pointi kwa fomu ambayo hakuna aliyempa.

Tunaomba basi rekodi itofautishe kushindwa na kuondoka. Somo lililokatizwa lipewe alama yake, isiyoingia kwenye wastani na isiyosomeka kama kufeli. Tunaomba pia dirisha la kuahirisha kwa kurudi nyuma, tuseme la miezi 12 tangu siku ya mwisho ya kuonekana darasani, kwa ajili ya wale waliotoweka. Ushahidi hauhitaji kuwa mzito. Tarehe ya mwisho ya kuingia kwenye mfumo wa masomo na kazi ya mwisho kuwasilishwa zinatosha kuonyesha kwamba aliacha kusoma wiki ya saba na wala hakukaa mpaka mwisho akashindwa.

Mfumo huohuo unaweza kutoa taarifa mapema. Mwanafunzi akikaa siku 14 bila kuingia, bila kuwasilisha kazi wala kuonekana kwenye mahudhurio, mtu ampigie simu. Ujumbe unaotumwa na mashine ukianza na maneno "kwa mujibu wa kanuni" haufunguliwi na mtu aliyezama. Simu moja yenye swali "unataka tukusaidie kuahirisha?" inaokoa kazi ya miezi.

Sasa fomu yenyewe ya kuondoka. Ukurasa mmoja unatosha, na kuijaza ni kazi ya dakika 20. Iandikwe tarehe ya mwisho ya kuhudhuria. Kwa kila somo liandikwe alichokamilisha, alama za kazi za muhula kufikia siku hiyo, na kama alama hizo zitahamia muhula atakaorudi au zitafutwa. Hili la mwisho lisiachwe wazi, maana mhadhiri akibadilika hakuna atakayelijua. Uandikwe mtaala anaousoma na mwaka wake. Deni liandikwe kama lilivyo siku hiyo, pamoja na kama litaongezeka au limesimama. Iwepo tarehe ya mwisho ya kutoa taarifa ya kurudi, na muhula unaofaa kurudi. Ziwepo namba ya simu na barua pepe binafsi, na mawasiliano ya mtu mwingine mmoja anayemwamini. Halafu mwanafunzi aondoke na nakala iliyosainiwa. Nakala ikibaki ofisini peke yake, haina tofauti na kutokuwepo.

Muhula unaofaa kurudi unaonekana jambo dogo, ila ndio unaoharibu ratiba nyingi. Masomo mengi hufundishwa mara moja kwa mwaka na yamefungamana: kalkulasi ya kwanza inafungua ya pili, ya pili inafungua milinganyo tofautishi, nayo inafungua somo la mwaka wa tatu. Aliyeondoka kabla ya kumaliza la kwanza akirejeshwa muhula ambao halifundishwi, atakaa darasani na masomo mawili ya kujazia huku akilipa ada nzima. Kanuni rahisi ni kumrudisha katika muhula uleule aliouacha, isipokuwa mshauri amekagua mnyororo huo na kuona kuna njia nyingine. Na uamuzi wa maombi ya kurejea utoke angalau wiki 6 kabla ya masomo kuanza. Ukitoka wiki ya kwanza ya muhula, vyumba vya bweni vimejaa, makundi ya maabara yamegawanywa, na mwajiri aliyetakiwa kupewa notisi hajapewa.

Kuhusu barua pepe ya chuo tutasema kwa kifupi, ingawa inatukwamisha kila mara. Chuo kinafunga akaunti ya aliyeondoka, kisha kinatuma taarifa za kurejea kwenye akaunti hiyohiyo. Akitaka kubadili nenosiri, msimbo unatumwa kwenye namba ya simu aliyoiacha miaka mitatu iliyopita. Akaunti ya aliyeahirisha isifungwe. Ipunguziwe huduma, ibaki na uwezo wa kupokea ujumbe, na ujumbe huo upelekwe pia kwenye barua pepe binafsi iliyoandikwa kwenye fomu. Kwa aliyekwisha kufungiwa, iwepo njia ya kuthibitishwa kwa kitambulisho, ana kwa ana au kwa simu ya video, bila kupitia namba ya zamani.

Tukifika mlangoni penyewe, danadana inaanza. Mwanafunzi anakuja na barua ya kukubaliwa. Uhasibu wanamwambia hawawezi kumpa namba ya malipo kwa kuwa kwenye mfumo si mwanafunzi hai. Usajili wanamwambia hawawezi kumfanya hai bila kuona malipo. Idara haiwezi kumpangia masomo kwa kuwa jina halionekani. Mfadhili au mkopeshaji anataka uthibitisho wa usajili ndipo alipe. Kila ofisi inafuata kanuni yake kwa uaminifu, kila karani ana haki, na mwanafunzi anazunguka wiki tatu za kwanza, ambazo ndizo wiki za majaribio ya kwanza na mgawanyo wa makundi.

Fundo hili linafunguka kwa hadhi moja ya muda. Iiteni "anayerejea". Ifunguliwe siku barua ya kukubaliwa inaposainiwa, idumu siku 30, na imruhusu kupata namba ya malipo, kupangiwa masomo, kuingia kwenye mfumo wa masomo na kutumia maktaba. Isimruhusu kufanya mtihani wa mwisho wala kuchukua matokeo, kwa hiyo chuo hakipotezi kitu endapo hatalipa. Barua ya kumtambulisha kwa mfadhili itolewe na hadhi hiyo. Kwa mwanafunzi wa kigeni barua hiyo ina uzito zaidi, kwa sababu kibali chake cha kuishi kinategemea usajili, na ofisi za uhamiaji hazisubiri kalenda ya chuo.

Tunasisitiza pia asipewe namba mpya ya usajili. Namba mpya inaonekana kumaliza tatizo asubuhi ile, kisha inazaa jipya siku ya kuhitimu: krediti 60 ziko kwa mtu mmoja, 120 kwa mwingine, wote wana jina moja, na hakuna mwenye 180.

Deni ni suala ambalo tunajua mnalibeba kwa uzito, na hatuwaombi mlifute. Tunaomba vitu vitatu vya kiutendaji. Kwanza, mwanafunzi apewe mchanganuo: ada ya muhula gani, faini ya nini, tozo ya kuchelewa iliyohesabiwa tangu lini. Mara nyingi sehemu ya deni ni ada ya mihula ambayo hakuwepo, iliyojiandika yenyewe kwa sababu kuondoka kwake hakukurekodiwa, na jumla tupu kwenye skrini haionyeshi hilo. Pili, faini ndogo kama za maktaba au kitambulisho zisifunge usajili wala nakala ya matokeo. Zidaiwe kama madeni mengine. Nakala ikizuiliwa, mdaiwa anakosa kazi au nafasi ya masomo ambayo ingemwezesha kulipa. Tatu, ada ya muhula uliokatizwa ihesabiwe kwa wiki. Aliyeondoka wiki ya tatu kati ya 15 amepata sehemu ya tano ya mafundisho, na kumdai muhula mzima ni kumwekea kizuizi atakachokikuta anaporudi. Kwa wenye mikopo ya masomo, mwelezeni siku hiyohiyo ya kuondoka kwamba mkopeshaji anaweza kuanza kudai marejesho baada ya kipindi fulani nje ya masomo, na kwamba atahitaji uthibitisho wa usajili ili marejesho hayo yasimamishwe.

Mtaala ukibadilika akiwa nje, hapo ndipo tunapotumia saa nyingi kuliko mahali pengine popote. Mwanafunzi aliondoka akiwa na Takwimu I yenye krediti 8. Sasa kuna somo lenye jina jipya, krediti 10, lenye robo tatu ya mada zilezile na sehemu mpya ya kuchambua data kwa kompyuta. Mkuu wa idara mmoja analikubali la zamani kwa ukamilifu, mwingine analikataa, na wote hawana mwongozo. Anayelikubali naye anaacha pengo la krediti 2 ambalo hakuna somo la kuliziba, kwa sababu somo dogo kabisa chuoni lina krediti 6.

Kila mtaala mpya unapopitishwa, upitishwe pamoja na jedwali la ulinganifu: kila somo la zamani, somo jipya linalolingana nalo, na kilichopungua. Kazi hii ni rahisi sana wakati waandishi wa mtaala bado wako kwenye chumba kimoja, na ni ngumu mno miaka minne baadaye. Vigezo viandikwe. Sisi tungependekeza mada zikifanana kwa robo tatu au zaidi somo likubaliwe lote. Kati ya nusu na robo tatu, likubaliwe kwa kazi ya kuziba. Chini ya nusu, lisomwe upya. Kwa kipimo cha krediti kinachotumika Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo pengo la krediti 2 ni saa 50 hadi 60. Mradi mmoja mdogo wenye msimamizi unalijaza, bila kumrudisha mtu kusoma muhula mzima mada ambazo tayari alizifaulu.

Upo pia mfano wa kufuata. Mkataba wa kimataifa wa UNESCO kuhusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu ulipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Machi 2023. Kwa nchi zilizouridhia, unahusu pia masomo ambayo hayakukamilika, na unataka anayekataa kuyatambua atoe sababu na aonyeshe tofauti ya msingi. Itakuwa ajabu mgeni kutoka chuo cha mbali adaiwe maelezo kwa kila somo lililokataliwa, halafu mwanafunzi wenu wenyewe, aliyefundishwa na walimu wenu, aambiwe tu "mtaala umebadilika".

Kuna kanuni nyingine tunayoomba muifikirie upya kwa makini: ile ya krediti kuisha muda, mara nyingi baada ya miaka mitano au saba. Inasimama juu ya wazo kwamba mtu husahau kidogo kidogo kila mwaka, mpaka siku moja anakuwa amesahau vya kutosha kufutiwa. Kusahau hakuendi hivyo. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akapima ni kiasi gani cha muda anaokoa akijifunza tena orodha aliyokwisha kuikariri. Baada ya saa moja aliokoa takriban asilimia 44. Baada ya siku moja, 34. Baada ya siku sita, 25. Baada ya siku 31, bado 21. Mteremko ni mkali mwanzoni kisha unalala. Hizo ni silabi tupu. Maarifa yenye maana hudumu zaidi. Mwanasaikolojia Harry Bahrick, katika utafiti wake wa mwaka 1984 juu ya Kihispania kilichojifunzwa shuleni, aliona sehemu kubwa ya kusahau ikitokea katika miaka mitatu hadi sita ya kwanza, kisha kilichobaki kikitulia kwa miongo. Mwaka 1991 yeye na Lynda Hall walionyesha kwamba watu waliosoma hisabati hadi kalkulasi na zaidi walibaki na aljebra yao kwa karibu miaka 50, hata bila kuitumia.

Maana yake kwenye meza zenu ni kwamba aliyekaa nje miaka minne na aliyekaa saba huenda wamesahau karibu sawa. Kanuni inampokea wa kwanza bila swali na kumfutia wa pili kila kitu. Ama wa kwanza anahitaji msaada ambao haupati, au wa pili ananyang'anywa kazi aliyoifanya. Tunadhani yote mawili yanatokea.

Kinachozeeka kweli ni yaliyomo kwenye somo. Aliyesoma uhasibu wa ukodishaji kabla ya 2019 alifundishwa kwa IAS 17, kiwango cha kimataifa cha uhasibu. Tangu Januari 1, 2019 kiwango kipya, IFRS 16, kimechukua nafasi yake, na ukodishaji mwingi ambao haukuonekana kwenye mizania ya mkodishwaji sasa unaingia humo. Aliyejifunza kuandika programu kwa Python 2 anarudi kwenye lugha ambayo toleo hilo liliacha kutunzwa Januari 1, 2020. Miongozo ya dawa, sheria za kodi na viwango vya usalama wa maabara hubadilika vivyo hivyo. Matriki, sarufi, thermodinamiki na historia ya karne zilizopita havijaenda popote. Kwa hiyo idara zipewe kazi ya kutaja, somo kwa somo, ni lipi lina tarehe ya kuisha na kwa nini. Mengine yasiwe nayo.

Badala ya kufuta, pimeni. Jaribio la dakika 40 kwa kila somo la awali, lililofanywa wiki mbili kabla ya muhula, lenye maswali ya mada tano au sita ambazo somo linalofuata linazitegemea kweli. Jaribio hilo limwelekeze, lisimfungie mlango. Akionekana dhaifu kwenye mada mbili, apewe mazoezi ya mada hizo mbili. Na aelekezwe namna ya kusoma, kwa sababu wanaorudi karibu wote hufungua madaftari ya zamani na kuyasoma tangu mwanzo, wakiona maandishi yanafahamika wanaamini wamekumbuka. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma tena walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, ila baada ya wiki moja waliojipima bila kutazama maandishi ndio waliokumbuka zaidi. Afunge daftari, ajaribu swali, ndipo afungue. Arudie siku ya tatu, ya saba, ya ishirini na moja.

Mzigo wa muhula wa kwanza nao una hesabu yake. Krediti 30 kwa kipimo kilekile cha saa 25 hadi 30 ni saa 750 hadi 900. Zikigawanywa kwa wiki 20, mitihani ikiwemo, ni saa 37.5 hadi 45 kwa wiki. Wengi wanaorudi wana kazi, mtoto au mgonjwa wa kumhudumia. Krediti 20 zinashusha mzigo hadi saa 25 hadi 30 kwa wiki, na hapo mtu anapata nafasi ya kuziba mada zilizofifia. Lakini akipunguza masomo anaweza kuhesabiwa wa muda, akapoteza mkopo, bweni au kibali cha kuishi. Wengi hulazimika kubeba krediti 30 ili wabaki na chumba, kisha wanaanguka wiki ya tisa. Kitivo kiwe na uwezo wa kuandika kwamba krediti 20 katika muhula wa kurejea zinahesabiwa kuwa mzigo kamili, na wenye mikopo na mabweni waombwe kuutambua uamuzi huo kwa maandishi, mapema.

Kwa walioondoka kwa ugonjwa, barua ya daktari inayosema "amepona kabisa" ni sharti lisilotekelezeka kwa maradhi mengi, na halisaidii. Mwenye kifafa, kisukari au sonona anaweza kusoma vizuri sana bila kupona kabisa. Ulizeni anahitaji nini: muda wa ziada kwenye mtihani, ruhusa ya kutoka darasani, ratiba isiyogongana na kliniki. Vyeti vya hospitali vikae ofisi moja tu, na idara ipokee orodha ya mahitaji bila jina la ugonjwa. Mtu akijua kwamba maelezo yake yatasomwa na makarani watano, hataeleza, na atarudi bila msaada wowote.

Walioondolewa kwa kufeli wana mlango wao, na wanastahili mlango ulio wazi. Barua za kujieleza kwa kurasa tatu hazipimi kitu zaidi ya uwezo wa kuomba radhi. Waombwe waandike nini kilisababisha, nini kimebadilika, na mpango wa muhula wa kwanza. Masharti ya kipindi cha majaribio yawe yanayohesabika, kwa mfano krediti zisizozidi 20 na kukutana na mshauri wiki ya pili, ya tano na ya tisa. Sharti la "kuonyesha bidii" halina mtu anayeweza kujua kama limetimizwa.

Wenye utafiti au mafunzo kwa vitendo yaliyokatika katikati wanahitaji ukaguzi wa peke yao: kama msimamizi bado yupo, kama kibali cha maadili hakijaisha, kama daftari la saa za mafunzo limehifadhiwa na nani. Msimamizi mpya ateuliwe kabla ya kumruhusu kulipa ada ya muhula huo.

Baada ya kusajiliwa bado kuna hatari, nayo ni ya kimyakimya. Mwanafunzi anahudhuria, anawasilisha kazi, na siku ya mtihani jina halipo. Ofisa mmoja akague wiki ya pili kwamba kila aliyerejea anaonekana mahali patano: orodha ya somo, mfumo wa masomo, uhasibu, maktaba na orodha ya mtihani. Kagueni tena wiki ya sita, maana orodha ya mtihani huandaliwa baadaye na mara nyingi huchotwa kwenye kumbukumbu za mwaka alioingia chuoni, siyo mwaka anaosoma. Kiongozi wa darasa aombwe kumwingiza kwenye kundi la WhatsApp la darasa siku ya kwanza. Mabadiliko ya chumba, tarehe za majaribio na maswali ya miaka iliyopita hupita huko, na wenzake aliokuwa akiwategemea wamekwisha kuhitimu.

Fomu ya kuondoka tuliyoieleza haihitaji kikao cha seneti; msajili anaweza kuichapa wiki hii. Hadhi ya siku 30 inahitaji mtu wa mifumo na saini ya mhasibu. Ukaguzi wa wiki ya pili na ya sita unahitaji ofisa mmoja na orodha. Jedwali la ulinganifu na kanuni ya kuisha kwa krediti ni ya kitivo na seneti, na tunaomba yaingie kwenye ajenda ya kikao kinachofuata. Tupo tayari kukaa na kamati yoyote itakayoyafanyia kazi na kuleta rasimu.

Wenu katika kazi,

Washauri wa masomo na maofisa wa usajili